Wavu mdogo ndani ya mshipa wa kichwa



Mwezi uliopita hesabu ya likirimba ilichelewa. Kabla hatujafungua kisanduku, mmoja wetu alitoa simu yake, akatuomba tunyamaze tusikilize sauti ya mdogo wake anayeishi Bruxelles, kule Ubelgiji. Huyo mdogo wake ni mama wa watoto watatu, ana miaka 44. Alieleza kwamba asubuhi moja, alipojitazama katika kioo, aliona kope ya jicho la kushoto imeanguka na haiinuki tena, na kila kitu anakiona mara mbili. Alikimbilia hospitali siku ile ile. Wakampiga picha za kichwa, wakakuta mshipa wa damu umevimba nyuma ya jicho, uvimbe wa milimeta 13.

"Hawatapasua kichwa," alisema. "Wataingia kwa mguu, hapa kwenye kinena, wapande na mshipa mpaka kichwani, halafu wataacha wavu mule ndani. Muniombee."

Simu ilipozimika maneno yalianza. Mmoja alisema wanamdanganya, mtu hawezi kufika kichwani kwa kupitia mguu. Mwingine akauliza: wavu ukibaki ndani, damu itapita wapi? Lakini wazee wa kundi hawakusema kitu. Walikuwa wanamfikiria mwenzetu wa sambaza.

Walioingia kundini juzi hawakumjua. Alikuwa akiuza sambaza sokoni, na kicheko chake kilisikika tangu barabarani. Miaka minne iliyopita, alipokuwa anainua beseni, alishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Kimepasuka!" Akatapika, akalala chini. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kilichokuwa karibu. Walimtoboa kidole, malaria ikaonekana, wakamtundikia serumu na dawa ya malaria. Siku ya tatu alisikia nafuu, akarudi nyumbani. Shingo ilikuwa bado ngumu, lakini tulidhani ni uchovu wa kubeba. Siku ya sita, usiku, alipiga kelele mara moja tu. Hakuiona asubuhi.

Hakuna skana iliyopigwa, kwa hiyo hatuwezi kuapa ni nini kilichomuua. Lakini tulipomweleza daktari anayesaidia kundi letu, alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na shingo ilikuwa ngumu?"

Tulikaa na daktari huyo na muuguzi wake saa mbili nzima, na daftari. Tuliyoyaandika ndiyo haya. Tungeyatoa mapema, lakini tulitaka kwanza kusikia mambo ya Bruxelles yameishaje.

Mshipa unavimba namna gani

Mnajua mpira wa ndani wa baiskeli uliozeeka. Ukiujaza upepo, pale palipochoka panatoka kama kipuuto, na pale ndipo patakapopasuka siku moja. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inaweza kufanya vilevile. Chini ya ubongo mishipa hiyo inakutana na kugawanyika kama barabara kwenye mzunguko, na pale inapogawanyika ndipo damu inapopiga ukuta kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita, ukuta unaweza kulegea na kutoa kifuko. Madaktari wanakiita anevrizimu. Sisi tutasema kifuko.

Vingi ni vidogo kama punje ya mchele ao mbegu ya haragi. Vikubwa kabisa, vinavyopita milimeta 25, vinafikia ndimu ndogo.

Sasa tusiogopeshane. Katika watu wazima 100, karibu 3 wanacho kifuko cha namna hii kichwani, na walio wengi watazeeka na kuzikwa bila kukijua. Hakiumi. Hatuandiki makala haya ili kila anayeumwa kichwa auze mbuzi na kukimbilia skana. Kichwa kinauma kwa njaa, kwa jua, kwa malaria, kwa wasiwasi wa masomo ya watoto.

Shida ni kikipasuka. Damu inamwagika kuuzunguka ubongo, na katika waliopatwa na jambo hilo, theluthi moja ao zaidi wanakufa. Katika waliobaki, wengi wanabaki na mkono usioshika, ao na akili inayochoka upesi na kusahau. Na kifuko kilichopasuka mara moja kinaweza kujiziba kwa damu iliyoganda, mtu akasikia nafuu, halafu kikapasuka tena. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza, lakini haiishi siku ile. Inafuata kwa majuma. Mara ya pili inaua zaidi kuliko ya kwanza. Daktari alipofika hapa tuliacha kuandika kwa muda.

Sisi wanawake tunapatwa kuliko wanaume, zaidi baada ya hedhi kukoma. Kinachoongeza hatari ni tansiyo ya juu isiyotibiwa, sigara, pombe nyingi, ugonjwa wa figo zinazojaa vifuko vya maji ambao unarithiwa katika ukoo, na kuwa na ndugu wa karibu wawili ao zaidi waliopatwa. Katika hayo, tansiyo ndiyo iliyo nyingi kwetu, na ndiyo tunayoweza kuishika wenyewe.

Kufungua fuvu, na kupita mguuni

Yule mwenzetu aliyesema haiwezekani kufika kichwani kwa mguu, tulimuuliza daktari swali lake neno kwa neno. Alicheka, akachora mtu kwenye karatasi. Mishipa ya damu ni njia moja isiyokatika: kutoka kinena inapanda tumboni, inapita kifuani, inaingia shingoni, inafika kichwani. Mrija mwembamba unaweza kusukumwa polepole katika njia hiyo, huku madaktari wanautazama kwenye kioo cha mashine ya mionzi. Siku hizi wengine wanaingilia mshipa wa mkono, pale panapopimwa mapigo ya moyo.

Haikuanza jana. Mwaka 1927 daktari Egas Moniz, kule Lisbon, alifaulu kupiga picha ya mishipa ya kichwa ya mtu aliye hai kwa kuingiza dawa inayoonekana kwenye mionzi. Miaka kumi baadaye, 1937, Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alifungua fuvu akabana shingo ya kifuko kwa kibanio kidogo cha chuma, kama tunavyobana nguo kwenye kamba. Kazi hiyo ya kubana inafanywa mpaka leo, na kwa vifuko vingi ni nzuri na inadumu. Mtu asiwaambie kwamba ni njia ya zamani iliyotupwa. Ubaya wake ni kwamba fuvu lazima lifunguliwe, ubongo usogezwe pembeni, na vifuko vingine vimejificha pabaya: nyuma ya mfupa wa jicho, ao mbele ya shina la ubongo, ambapo mkono wa daktari unafika kwa taabu.

Ndipo wengine wakaanza kutafuta njia ya ndani. Inasimuliwa kwamba Fedor Serbinenko wa Moscow alipata wazo lake alipowaona watoto na puto zao kwenye sikukuu ya Mei Mosi. Aliingiza puto ndogo ndani ya mishipa ya kichwa na kuziacha huko, na mwaka 1974 habari ya kazi yake ilitangazwa kwa madaktari wa nchi nyingine. Halafu akaja Mwitalia Guido Guglielmi. Alikuwa akijaribu kugandisha damu ndani ya kifuko kwa umeme kidogo, na ncha ya waya wake ikakatika yenyewe. Wengine wangeona hasara. Yeye aliona kwamba umeme unaweza kuachanisha waya pale unapotaka. Mwaka 1990, Los Angeles, mgonjwa wa kwanza alitiwa waya laini wa platini unaojikunja kama uzi wa sufu ndani ya kifuko. Kifuko kikijaa waya, damu haiingii tena, iliyomo inaganda.

Mwaka 2002 majibu ya utafiti mkubwa yalitoka, watu 2,143 ambao vifuko vyao vilikuwa vimepasuka na vingeweza kutibiwa kwa njia zote mbili. Baada ya mwaka mmoja, katika 100 waliojazwa waya, karibu 24 walikuwa wamekufa ao hawawezi kujitegemea. Katika 100 waliofunguliwa fuvu walikuwa karibu 31. Tangu hapo hospitali nyingi zenye mashine zilianza kuchagua mrija kwanza.

Vile vinavyokataa waya

Chukueni kibuyu chenye shingo nyembamba, mjaze haragi, mkigeuze. Haragi zinabaki ndani. Sasa jazeni haragi kwenye sinia na mliinamishe. Zote zinamwagika.

Kifuko cha kawaida ni kibuyu. Lakini vingine vina mdomo mpana kama sinia. Ukitia waya, unarudi nje, unaingia katika mshipa wenyewe, unaziba njia ya damu ya ubongo. Vingine ni vikubwa mno: unajaza waya mwingi, damu inaugandamiza, baada ya mwaka kifuko kimefunguka tena. Vingine havina mdomo kabisa, kwa sababu mshipa mzima umevimba pande zote kama nyoka aliyemeza panya. Hivyo ndivyo ambavyo zamani daktari aliviangalia kwenye picha, akaviacha, akamwombea mgonjwa. Cha yule dada wa Bruxelles kilikuwa cha mdomo mpana.

Kwa hivi wametafuta mbinu moja baada ya nyingine. Wengine wanavimbisha puto ndogo mbele ya mdomo wa kifuko wakati wa kutia waya, halafu wanaitoa. Wengine wanaacha kibomba cha matundu ndani ya mshipa ili kizuie waya usirudi. Kwa vifuko vya mdomo mpana vinavyoota pale mshipa unapogawanyika, kuna kitufe kilichosukwa, kama kikapu kidogo cha mviringo, kinachotanuka ndani ya kifuko chenyewe na kuziba mdomo.

Lakini mbinu iliyobadilisha mambo zaidi ni ule wavu. Wazo lake ni jepesi, na tulilipenda kwa sababu lina akili ya nyumbani: badala ya kuhangaika na kifuko, tengeneza njia. Wavu ni mrija uliosukwa kwa nyuzi nyembamba sana. Ule uliotangulia kuruhusiwa Marekani, mwaka 2011, una nyuzi 48. Unaingizwa umefungwa ndani ya mrija, ukifika mbele ya kifuko unaachiliwa, unatanuka na kulala kwenye ukuta wa mshipa kupita mdomo wa kifuko. Kusuka kwake ni kwa karibu mno, kwa hiyo damu inafuata njia yake mbele na haizunguki tena ndani ya kifuko. Lakini si ukuta mzima, maana vijishipa vidogo vinavyotoka pembeni vinaendelea kupata damu kupitia matundu. Hilo ndilo jibu la swali la "damu itapita wapi". Ndani ya kifuko damu inatulia, inaganda, na kwa muda wa miezi ngozi ya ndani ya mshipa inaota juu ya nyuzi. Mwishoni wavu unakuwa kama chuma ndani ya ukuta wa nyumba, haonekani.

Nyuzi hizo nyingi ni za kobalti iliyochanganywa na kromu. Hapo tulitazamana. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, kule Kolwezi na sehemu za jirani. Kila mama aliyekuwapo alisema lake, na hatutayaandika yote.

Watu wa kwanza kuwekewa wavu huu kwa wingi walitibiwa Buenos Aires, Argentina. Halafu ukafanyika utafiti kwa wagonjwa 108 wenye vifuko vikubwa na vya mdomo mpana, vile vilivyokuwa vimewashinda wengi. Baada ya miezi 6, karibu vifuko 74 katika 100 vilikuwa vimezibika kabisa. Baada ya mwaka, karibu 87. Kwa ugonjwa uliokuwa hauna njia, hayo ni makubwa. Lakini karibu 6 katika 100 walipata kiharusi kikubwa ao walikufa kwa sababu ya ubongo. Tumeandika namba zote mbili makusudi. Mama anayeambiwa "ni sindano tu ya mguuni" hajaambiwa ukweli. Kidonda ni kidogo; kazi yenyewe si ndogo.

Siku ya kazi yenyewe si ndefu kueleza. Mgonjwa analazwa usingizi, anaamka katika chumba cha uangalizi, amekatazwa kukunja mguu kwa saa kadhaa ili kinena kisivuje. Ikiwa kifuko hakikuwa kimepasuka, wengi wanarudi nyumbani baada ya siku chache. Mwenye mimba, mwenye figo mbovu, ao mwenye kuvimba akipewa dawa fulani, aseme mapema, kwa sababu ya mionzi na ile dawa ya kuonyesha mishipa.

Vidonge

Kazi kubwa inaanza nyumbani, na hapa karibu tungempoteza yule dada.

Wavu ni kitu kigeni ndani ya damu. Kabla ngozi haijaota juu yake, damu inataka kuganda pale. Kwa hiyo mgonjwa anapewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, mara nyingi aspirini na klopidogreli, akianza siku kadhaa kabla ya kuwekewa. Anazimeza pamoja kwa miezi, halafu aspirini inaendelea kwa muda mrefu zaidi. Akiziacha ghafla, wavu unaweza kuziba, na sehemu nzima ya ubongo ikakosa damu. Kwa sababu ya vidonge hivyo hivyo, madaktari wanasita kuuweka wavu kwa mtu ambaye kifuko chake kimepasuka leo: unahitaji damu isigande kwenye wavu, na papo hapo unahitaji igande pale palipopasuka.

Wavu uliwekwa vizuri. Majuma matatu baadaye dada alianza hedhi, na haikuwa kama ile aliyoizoea. Alibadilisha nguo usiku kucha. Hakuwaambia madaktari, aliona haya. Alimwambia mama mkubwa wake, hapa kwetu, kwa simu. Mama mkubwa alimjibu kwa mapendo yote: "Mwanangu, dawa hizo zinakumaliza damu. Ziache, nitakutumia mizizi." Dada aliacha siku moja.

Kwa bahati mwenzetu alisikia habari hiyo jioni ile ile, akamwuliza daktari wetu, na daktari, mtu wa sauti ya chini siku zote, alisema kwa nguvu: "Ameze sasa hivi, halafu apige simu hospitali yake!" Hospitali ya Bruxelles ilimpima damu, ikakuta imepungua, ikampa dawa ya madini ya chuma, ikamwendelezea vidonge na kumpeleka kwa daktari wa wanawake. Hedhi kuwa nyingi kwa dawa hizo ni jambo linalojulikana, na lina msaada wake. Mwanamke hapaswi kuchagua kati ya aibu na kiharusi.

Tunaliandika kirefu kwa sababu wengi wenu mna watoto na wadogo Ulaya, Kanada, Nairobi, wanaomeza dawa za namna hii kwa moyo ao kwa mishipa. Wanatupigia sisi simu kabla ya kumpigia daktari. Neno letu lina uzito kuliko tunavyofikiri. Mwenye vidonge hivyo asing'olewe jino ao kuchomwa dawa ya kienyeji bila kusema, na asijinunulie ibuprofeni kwenye farmasi.

Mama mkubwa alilia alipoelezwa. Hakuna aliyemlaumu; hakuna aliyekuwa amemweleza kabla.

Hapa kwetu

Wavu huu hamtaupata katika hospitali za mitaa yetu, na hatutaki kumdanganya mtu. Katika Marekani kipande kimoja peke yake kinapita dola 10,000, bila kuhesabu chumba, mashine na madaktari. Kazi ya kuingia mishipa ya kichwa kwa mrija inafanywa Nairobi, na Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile inayoitwa MOI. Mwenye kufikiria safari atume kwanza picha zake na aulize jambo moja waziwazi: kifuko hiki kinahitaji waya, wavu, ao kibanio, na je, hicho mnacho? Familia nyingine inauza shamba, inasafiri, halafu inaambiwa huko kwamba kitu kile hakipo. Na kuna vifuko vidogo ambavyo daktari mwenye busara atasema tuvitazame tu, tushushe tansiyo, turudie picha. Jibu hilo si kufukuzwa.

Kwa wengi wetu jambo litaamuliwa mapema zaidi, sokoni ao jikoni, katika saa ya kwanza. Kichwa cha kifuko kilichopasuka hakianzi polepole. Kinapiga kama radi, kinafika juu kabisa ndani ya dakika moja, na mtu mwenyewe anasema hajawahi kusikia kichwa kama hicho. Pamoja nacho kuna kutapika, shingo kuwa ngumu, mwanga kuumiza macho, kuzimia ao degedege. Na kama kope moja inaanguka ghafla, mboni ya jicho hilo imepanuka kuliko ya lile jingine, ni safari ya hospitali siku hiyo, hata kama kichwa hakiumi sana. Kifuko kinaweza kuwa kinaugandamiza mshipa wa fahamu wa jicho, na hapo mna nafasi ya kukishika kabla hakijapasuka. Hiyo nafasi ndiyo iliyompata yule dada.

Msimpe aspirini wala ibuprofeni. Akizimia mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Mpelekeni hospitali yenye skana kama ipo, siyo kituo kidogo. Malaria ikionekana kwenye damu, itibiwe, lakini haijibu swali la kichwa. Kwetu mtu anaweza kuwa na malaria na kitu kingine siku moja. Semeni maneno haya haya: "Kilianza ghafla, kama radi." Daktari anayasikia. Skana iliyopigwa ndani ya saa 6 inaona damu karibu kila mara. Siku zikipita inaonekana kwa shida zaidi, na hapo daktari anaweza kuomba sindano ya mgongo.

Tunajua yanayosemwa juu ya sindano hiyo: kwamba inaua, kwamba aliyechomwa hakuamka. Muuguzi alitueleza jinsi maneno hayo yanavyozaliwa. Wanaochomwa ni wale ambao tayari wako taabani, na wengine wanakufa kwa ugonjwa uliowaleta. Daktari ndiye anayepima kama ni salama kwa mgonjwa huyo, lakini familia isiikatae kwa hofu peke yake. Tone la maji ya mgongo lenye damu lingeweza kutuambia kitu juu ya mwenzetu wa sambaza.

Na hata pale ambapo hakuna wavu wala waya, kuna vidonge vya nimodipini, vinavyotolewa kila saa 4 kwa siku 21, ili mishipa ya ubongo isijikaze baada ya damu kumwagika. Ulizeni kama vipo. Swali hilo halilipiwi.

Kundi limetoa katika mfuko wake franka za kununua mashine ya kupimia tansiyo. Inakaa kwa mtunza mfuko, na muuguzi anapima kila Alhamisi kuanzia saa nane. Njoo umetulia, kaa dakika tano, usinywe kahawa kabla. Alhamisi ya kwanza tulikuwa wengi kuliko viti.

Binti mkubwa wa mwenzetu wa sambaza alikuja pia. Sasa ana miaka 29, anauza mahali pale pale pa mama yake. Alinyosha mkono bila kusema kitu, mashine ikaonyesha 16 kwa 10. Alimwuliza muuguzi kile alichokuja kuuliza: kama mama yake alikufa kwa hiki kifuko, je, na yeye anacho? Muuguzi alimwambia kwamba akiwa ni ndugu mmoja tu, tena haikuthibitishwa, kwa kawaida hawapigi picha. Wangekuwa wawili wa karibu, ingefaa kutafuta. Lakini 16 kwa 10 si ya kuacha. Atapimwa tena siku mbili nyingine kabla ya kwenda kwa daktari kuanzishiwa dawa.

Alirudi Jumamosi. Tunamngoja Alhamisi.